Vidole Viwili

Vidole hakujua gofu, na siku ile hakwenda kujifunza. Alikwenda kuangalia sketi ikipasuka.

Alikuwa amefanya kazi ya fundi cherehani kwa miaka ishirini na mitano. Jina la Vidole alipewa na wateja, kwa sababu futi ya kupimia aliivaa shingoni kama pambo tu. Vipimo alivichukua kwa vidole. Vidole vitatu kiunoni, viwili kwapani, kimoja na nusu kwa mteja anayesema amepungua na hajapungua. Watu walikuwa wanamcheka hadi wavae nguo zao. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu ya kukatia na vyerehani viwili. Kimoja alikalia yeye, kingine alikalia wifi yake, dada wa mumewe, kwa miaka kumi na moja. Kukata kulikuwa kwa Vidole. Kupiga mishono iliyonyooka, kupiga pasi na kutia vifungo kulikuwa kwa wifi, na kwa vifungo hasa, haki ya Mungu, wifi alikuwa hodari.

Siku moja akaingia mwanamke kijana, mrefu, mwembamba, kiganja chake cha kushoto cheupe kuliko cha kulia. Alisema ni kwa sababu ya glavu. Anacheza gofu, ndiyo kazi yake, na wenzake wanamwita Fimbo. Mashindano makubwa ya wanawake wa kulipwa yalikuwa yanakuja mjini na wenyeji kumi na wawili walitaka sare.

"Sketi zote zinanishika hapa, shangazi," alisema, akijipiga nyonga.

Vidole akampa mwavuli. "Piga kama unavyopiga huko."

Fimbo akajipinda, akapiga. Ncha ya mwavuli ikalifagia kopo la vifungo kutoka kwenye rafu na vifungo vikatawanyika chumba kizima. Wifi akapiga magoti kuviokota, huku ananung'unika. Vidole hakuvitazama. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye nyonga ya mteja.

"Rudia. Polepole. Sasa simama hapo hapo ulipojipinda."

Akagundua jambo ambalo wauza sketi za dukani hawakuwa nalo habari. Fimbo akisimama wima, sketi inamtosha. Akijipinda, zinahitajika vidole viwili zaidi kila upande. Kwa hiyo Vidole alikaa siku tatu akabuni rinda la siri, lililofichwa ndani ya mshono wa ubavuni, linalofunguka mtu akijipinda na kujifunga akitulia. Akalichora kwenye karatasi ya kukatia, na mahali penyewe akatia alama yake ya siku zote: mistari mitatu mifupi iliyokutana, mfano wa mguu wa kuku. Maana yake ilikuwa, ongeza vidole viwili hapa. Hakuna aliyemfundisha alama hiyo, na katika miaka kumi na moja wifi hakuwahi kuuliza.

Halafu nyongo ikamlaza Vidole hospitali wiki mbili. Alipotoka, na nyuzi za daktari bado tumboni, alikuta cherehani kimoja hakipo, karatasi hazipo, na mtaa wa pili kumefunguliwa duka la vioo. Juu yake bango: Mama Mitindo. Wifi alikuwa amewaambia wakubwa wa mashindano kwamba Vidole ameacha kazi na yeye ndiye amerithi. Hilo pengine Vidole angelilia kimya kimya, likaisha. Lakini televisheni ilimhoji Mama Mitindo. Mtangazaji akauliza, je, yule fundi wa zamani, Vidole?

"Yule ni wifi yangu, nampenda sana," wifi alisema, anatabasamu. "Alikuwa ananisaidia kutia vifungo."

Vidole aliizima televisheni akakaa kuitazama ikiwa imezimwa.

"Yaishe, mke wangu," mumewe alimwambia. "Ni dada yangu."

"Yaishe vipi? Mimi sijaanza."

Wiki ile ile gazeti likatoa picha ya wachezaji kumi na wawili ndani ya sare ya zambarau, wamesimama wima kama mishumaa. Vidole akaisogeza dirishani. Ubavuni mwa kila sketi, palepale penye nyonga, kulikuwa kumetariziwa mguu wa kuku kwa uzi wa dhahabu. Chini ya picha Mama Mitindo alieleza kwamba hiyo ni nembo ya nyumba yake, unyayo wa ndege wa bahati.

Vidole alicheka mpaka akalishika tumbo kwa kuogopa mshono. Wanawake kumi na wawili walikuwa wanatembea na maagizo yake nyongani, na hakuna aliyeyatekeleza. Rinda halikuwepo. Kitambaa kilikuwa kimelala tambarare. Gazeti likasema sare itavaliwa siku ya mwisho tu, Jumapili, mbele ya kamera zote. Vidole akaenda kukata tiketi siku hiyo hiyo.

Jumapili asubuhi alivaa raba za mumewe, kwa sababu tiketi ilikataza visigino. Getini mlinzi akapekua mkoba wake akatoa mkasi mdogo.

"Wa nini huu, mama?"

"Wa kucha." Mlinzi akaurudisha.

Sindano hakuiona. Sindano ilikuwa imechomekwa ndani ya ukosi wa blauzi, na uzi umezungushiwa kwenye kipande cha kadi, kama siku zote. Fundi hatoki bila sindano hata akienda msibani. Hakuibeba kwa ajili ya kumwokoa mtu, hilo lieleweke.

Uwanja ulimshangaza. Alitegemea kukaa kwenye kiti atazame, kumbe gofu inatazamwa kwa miguu. Mchezaji anapiga, mpira unatoweka, halafu umati mzima unaandamana kuutafuta. Kisha kuna kile kimya. Msimamizi ananyanyua kibao kilichoandikwa KIMYA, na watu mia tatu wanabana pumzi kana kwamba mtoto wa mfalme amelala. Vidole alifungua mfuko wa nailoni atoe maji, na vichwa vyote vikamgeukia. Mara ya pili msimamizi alikuja mwenyewe.

"Mama, tafadhali. Hapa hata kikohozi kinasikika mpaka kwenye lile hema."

"Mpaka kule?" Vidole aliuliza.

"Mpaka kule."

Lile hema lilikuwa jeupe, la wafadhili, na Mama Mitindo alikaa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa gauni jeupe, na kichwani kilemba kikubwa cha zambarau, kitambaa kile kile cha sketi, na mguu wa kuku wa dhahabu katikati ya paji la uso. Vidole akaisoma alama kutoka mbali. Ongeza vidole viwili kichwani. Ilibidi ajifanye anakohoa, na akakemewa tena.

Kando yake alitembea mzee mwenye kofia pana, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyeandika kila pigo kwenye kijitabu. Alimwonea huruma mgeni, akamfafanulia: mashimo kumi na nane, na anayepiga mara chache ndiye mshindi. Fimbo alikuwa anaongoza kwa pigo moja.

"Kwa hiyo akikosea mara moja tu?" Vidole aliuliza.

"Basi tena, kashikwa."

Vidole alilisikia hilo. Aliliweka pembeni.

Baada ya shimo la tatu wachezaji walipita karibu na kamba, na Fimbo akamwona. Uso ukamfunguka.

"Shangazi! Umekuja! Niliambiwa umeacha kazi." Akajigeuza kuonyesha. "Umeona? Ndiyo ile uliyochora. Ila inanibana kidogo."

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja tu, mwanangu, nenda kavae sketi yako ya zamani. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini nyuma ya bega la Fimbo lilionekana hema, na ndani ya hema kilemba kilikuwa kinatikisika kwa kicheko, na Vidole akalimeza neno lile.

"Piga mpira, mwanangu," alisema.

Tangu hapo umati ulitazama mpira, na Vidole akatazama mshono. Kila Fimbo alipopiga, vichwa mia tatu vilikwenda juu, kichwa kimoja kikabaki nyongani. Shimo la saba uzi mmoja ulikatika. Shimo la tisa, miwili. Shimo la kumi na mbili tundu lilitosha kidole, na weupe wa kaptula ya ndani ukachungulia. Vidole alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aolewe.

"Mama," Mwalimu alinong'ona, "mpira uko kule."

"Najua."

"Sasa unaangalia nini?"

"Naangalia kazi ya mikono ya mtu."

Shimo la kumi na sita lilikuwa karibu na hema, na watu walikuwa wamejaa. Kamera tatu zilikuwepo, na kipaza sauti chenye manyoya kwenye ncha ya ufito mrefu. Kibao cha KIMYA kikapanda. Fimbo akajipanga, akainua, akajipinda mpaka mwisho, na wakati fimbo inashuka sketi ikalia: chraaa. Kila mtu alisikia. Mshono ulifunguka kutoka kiunoni mpaka pindoni, mkono wa mchezaji ukashtuka, na mpira ukaenda kombo ukaangukia mchangani.

Msimamizi alipigwa na butwaa, kibao kikabaki juu. Fimbo alisimama, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umekusanya sketi, kaptula nyeupe mbele ya nchi nzima. Vidole aliisubiri saa hiyo kwa wiki nzima. Alitarajia ingekuwa tamu, na ilikuwa tamu, hadi alipomwona yule kijana anautazama mpira wake mchangani huku mdomo unamtetemeka. Pigo moja. Basi tena, kashikwa.

Akainama, akapita chini ya kamba. Mwamuzi, mwanamke mwenye saa mbili mkononi, akamnyooshea kiganja.

"Mama, hairuhusiwi."

"Nina sindano."

Mwamuzi akatazama mbele. Kundi lililotangulia lilikuwa bado halijaondoka kwenye bendera ya shimo. Kwa vyovyote wangesubiri. Akamtazama mchezaji, naye akaitikia kwa kichwa. Mwamuzi akakishusha kiganja.

Vidole akapiga goti nyasini karibu na Fimbo, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nisamehe, mwanangu. Kule asubuhi nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua itapasuka. Sikukwambia."

Fimbo akamsogezea ubavu wa sketi. Machozi yalikuwa yamejaa lakini hayakutoka. "Shona, shangazi," alisema.

Wakati huo Mama Mitindo alikuwa anakuja mbio kutoka hemani, viatu mkononi, kilemba kinayumba. "Ni uzi!" alisema kabla hajafika. "Ni uzi tu jamani, wauza uzi siku hizi hawana dini!" Kisha akaona ni nani aliyepiga goti, akasimama.

"Wifi," Vidole alisema. "Hujambo?"

"Wi... wifi. Umepona?"

"Nimepona. Hebu nisomee hii alama."

"Si nembo yetu."

"Inasema nini?"

Wifi akatazama kushoto na kulia. Kibao cha KIMYA kilikuwa bado juu, kwa maana msimamizi alikuwa amesahau kama ana mikono. Kipaza sauti chenye manyoya kilikuwa kimeshasogea kuja juu ya vichwa vyao.

"Ni... unyayo wa ndege. Wa bahati."

"Inasema, ongeza vidole viwili hapa." Vidole hakupaza sauti. Alitumia sauti ile ile ya chumbani, ya kuombana mkasi. "Kila karatasi niliyokata miaka kumi na moja ilikuwa na mguu huu. Ni agizo kwa anayekata. Wewe ulikuwa hukati, wifi, kwa hiyo hukujua. Umelitarizi kwa dhahabu."

Halafu Mwalimu, mtu mzima mwenye heshima zake, akacheka kwa pua. Aliyekuwa karibu naye akafuata. Kicheko kikazunguka kamba nzima, kikaingia hemani kwa wafadhili, na mpiga kamera mmoja akawa anatetemesha picha.

"Inatengenezeka?" Fimbo aliuliza. Yeye hakucheka.

"Nikipata kitambaa. Panatakiwa kipande hapa, vidole viwili." Vidole aliinua macho polepole, kutoka kwenye miguu mitupu ya wifi, kupita gauni jeupe, mpaka juu. "Na vidole vyangu viwili naviona. Viko kichwani kwako. Lete kilemba."

"Wifi." Sasa ilikuwa sauti ya kweli, ya yule wa cherehani cha pili. "Mbele za watu?"

"Mbele za watu ndiko ulikonivua mimi."

Wifi alipeleka mikono kichwani. Kilemba kilikuwa na pini nyingi na kila pini ilichukua muda wake, na Vidole hakumsaidia hata moja. Kilipotoka, nywele zilionekana: nusu zimesukwa, nusu zimeachwa, za mtu aliyekesha juu ya sketi kumi na mbili akategemea kitambaa kumsitiri. Na pale kipajini, mvi zile ambazo Vidole alikuwa akizing'oa kwa kibano siku ambazo wateja hawakuja, huku wote wawili wanacheka. Huruma ilimjia. Ilimjia kabisa, yenye miguu na mikono. Vidole akaikalia.

"Shika pini," alisema. "Piga magoti, utazimwaga."

Wifi akapiga magoti.

Mkasi wa kucha ukapita katikati ya kilemba. Vidole akaweka vidole vyake viwili juu ya kitambaa, akakata kandokando, akakikunja kikawa rinda, akakiingiza ubavuni na kuanza. Alishona kwa mshono wa mkono ambao sindano inakwenda hatua moja mbele na kurudi nusu nyuma, unaochosha macho na usiofumuka. Kila alipotaka pini alinyoosha mkono bila kutazama, na pini ikawekwa kiganjani. Katika hilo, wifi hakuwa amesahau kazi.

Alipokata uzi kwa meno, bendera ilikuwa imeshaachwa wazi. Fimbo akajipinda mara moja kujaribu. Rinda likafunguka, likajifunga. Akashuka mchangani, kibao kikapanda tena, safari hii kwa halali, akapiga. Mchanga ukaruka na mpira ukaruka nao. Vichwa mia tatu vikaufuata.

"Umetua karibu na shimo!" Mwalimu alinong'ona kwa furaha. "Umeona, mama?"

"Mshono umeshika," Vidole alisema.

Fimbo alishika nafasi ya pili. Alizidiwa pigo moja, na wote waliotembea siku ile walijua ni lipi. Vidole alijua zaidi yao. Akaligawa pigo lile katikati, nusu akaibeba mwenyewe, na nusu akamtwisha wifi. Na hata hiyo nusu yake ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alimngoja Fimbo kwenye njia ya kutokea. Fimbo alisimama mbele yake, akaushika ule ubavu ulioshonwa.

"Mwakani utanishonea wewe," alisema. Haikuwa ombi na haikuwa msamaha wote.

"Mwakani na kesho," Vidole alisema.

Kwa maana kesho kazi ilikuwepo. Katibu wa mashindano alikuja anahema, karatasi kwapani. Zilibaki sketi kumi na moja, alisema, na wiki ijayo timu inasafiri kwa mashindano mengine. Tena wafadhili wameiona ile... ile hali. Mama Vidole angekubali kuzirekebisha zote?

Hatua chache nyuma yake wifi alikuwa amekaa juu ya ukingo wa saruji, kofia ya mlinzi kichwani, anatazama raba za Vidole.

"Nitakubali," Vidole alisema. "Kila sketi itawekewa vidole vyake viwili. Lakini sitafanya peke yangu. Huyu atakaa kwenye cherehani chake cha zamani, na televisheni ije imwone akinisaidia kutia vifungo."

Katibu akapekua karatasi zake, akatazama sketi, akatazama tena karatasi.

"Samahani, mama. Sketi hizi ni za zipu. Hazina kifungo hata kimoja."

"Najua," Vidole alisema. "Nitaviongeza."